Mji Ghali si Hasara kwa Kila Mbunifu

Mishahara ya wabunifu wa michoro hulinganishwa kwa njia moja: chukua mshahara, gawanya kwa kipimo cha gharama za maisha, tazama nani amefaidi. Kwa hesabu hiyo wanaong'ang'ania New York au London huonekana wanalipia jina la mji tu. Naona wanaonewa.

Tuchukue mfano wa wabunifu wawili. Wa mji ghali hupata dola 60,000 kwa mwaka baada ya kodi ya mapato. Pango, chakula na usafiri humla 54,000. Wa mji nafuu hupata 40,000 na kutumia 36,000. Kipato cha huyu ni theluthi mbili ya cha mwenzake, na gharama zake vivyo hivyo. Kikokotoo kitasema wako sawa. Lakini kompyuta, leseni za programu za kubunia za Adobe na deni la chuo havishuki bei kwa sababu umehamia mji mdogo. Tuseme vyote ni 3,000 kwa kila mmoja. Wa kwanza anabakiwa na 3,000, wa pili na 1,000. Mara tatu, kati ya watu walioambiwa wako sawa! Tena akiba haifungwi na mji: siku akihamia kwenye unafuu, anahama nayo nzima.

Wanaotetea miji nafuu wana hoja, na nzito zaidi ni pango. Kipimo kikuu cha Numbeo, tovuti inayolinganisha gharama za maisha mijini, ambacho huipa New York alama 100, hakijumuishi pango, kwa hiyo anayekitegemea peke yake anaweza kuuona mji ghali kuwa mwepesi kuliko ulivyo. Mwenye watoto akihitaji chumba cha ziada, ile ziada yote huyeyuka. Huyo simshawishi abaki.

Ila kipimo hicho kinapogeuzwa kuwa kisu cha kukatia mishahara, napinga. Mwaka 2020 Facebook ilitangaza kwamba watakaofanyia kazi mbali na ofisi wakahamia maeneo nafuu watarekebishiwa malipo. Wenye msimamo huo husema mfanyakazi hapotezi kitu. Katika mfano wetu, kutoka 60,000 hadi 40,000 anapoteza 2,000 za akiba kila mwaka. Mbunifu akipewa sharti hilo, adai zile 3,000 zitengwe kwanza, ndipo 57,000 zinazobaki zipunguzwe hadi theluthi mbili, yaani 38,000: pamoja na zile 3,000, alipwe 41,000, si 40,000.