Hariri ya Wadudu: Inakataa Maji au Inayanywa?

Weka tone la maji juu ya kifukofuko kikavu cha nondo wa hariri. Litajikunja duara na kukaa juujuu, kama kwenye jani la gimbi. Kitumbukize kifukofuko hichohicho kwenye sufuria inayochemka, kitalegea na nyuzi zianze kuachana. Ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba hariri haiingii maji, na wapo wanaocheka wakisikia hivyo.

Wa kwanza wana ushahidi. Protini kuu ya uzi, fibroini, imejaa glisini na alanini (asidi amino ndogo, vipande vinavyounda protini) zilizopangana kwa kubanana, na maji hayapenyi hapo kirahisi. Halafu kuna ufumaji: nyuzi nyembamba zikipishana hubakiza hewa katikati, tone likakosa pa kushika. Wadudu wa kundi la Embioptera, wanaosokota hariri kwa miguu ya mbele, huezeka njia zao kwa nyuzi za namna hiyo juu ya magome ya miti, na matone ya mvua husimama juu yake. Hapohapo lakini hoja inaanza kuvuja. Hariri hiyo ikilowa kisha ikakauka, nyuzi hugeuka utando laini. Uzi uliokataa maji kabisa usingebadilika hivyo.

Ushahidi wa upande wa pili uko hapahapa Mwanza. Kati ya wadudu wanaotanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria wamo wa jamii ya Chironomidae. Mabuu ya wengi wao huishi kwenye tope la chini, ndani ya vijibomba vya tope lililogandishwa kwa hariri. Hariri hiyo husokotwa majini na hushika majini; haijawahi kuanikwa hata siku moja.

Na ya nondo? Uzi mbichi una serisini, gundi inayopenda maji, asilimia 20 hadi 30 ya uzito. Kuitoa: gramu 5 za vifukofuko vilivyokatwa na kusafishwa ndani, lita 2 za maji yanayochemka, gramu 4.24 za sodiamu kaboneti (chumvi iliyomo pia kwenye magadi), dakika 30 huku ukikoroga, kisha suuza mara tatu. Magadi ya sokoni yana baikaboneti ndani yake (na mchanga pia), kwa hiyo kipimo hicho hakiyafai. Vidole vikihisi utelezi kama wa mlenda, gundi bado ipo. Ukizidisha muda, fibroini yenyewe hukatikakatika na uzi hutoa manyoya. Hata iliyosafishwa hufyonza unyevu wa hewani, takriban asilimia 11 ya uzito wake, na ikilowa hupungua nguvu. Ndiyo maana nguo ya hariri haikamuliwi kwa kusokota.

Kwa maoni yetu, wa kwanza wanachanganya uzi na paa. Nyasi za kuezekea ukizilaza kwenye beseni usiku kucha zinalowa chepechepe, ila paa lake halivuji kwa sababu ya mteremko na mpangilio. Pima mwenyewe: kata kipande cha kifukofuko, kiinamishe, uone tone likiondoka. Kisha kilaze, weka tone jingine, lifunike kwa glasi lisikauke, uhesabu dakika hadi doa litokeze upande wa ndani.