Mwenye kijiti apigwa ganzi, mwenye kitanzi aambiwa ajikaze

Katika vyumba vingi vya uzazi wa mpango hapa Tanzania utakuta nesi mmoja, kitanda kimoja na benchi lililojaa. Anaingia mama aliyechagua kijiti. Nesi anamsafisha mkono, anachoma sindano ya ganzi chini ya ngozi, anasubiri, anambonyeza kuhakikisha hasikii kitu, ndipo anakiingiza. Akitoka huyo anaingia aliyechagua kitanzi, au lupu kama wengi tunavyoiita. Anapanda kitandani, anapanua miguu, spekula, yaani chuma cha kupanulia uke, inaingizwa, shingo ya kizazi inashikwa kwa koleo lenye meno, kizazi kinapimwa urefu kwa ufito mwembamba, kisha kitanzi kinasukumwa ndani. Ganzi hakuna. Anaambiwa, "Jikaze mama, tunamaliza."

Nesi ni yule yule na chumba ni kile kile, na ganzi imo humo humo kwenye trei. Hadi leo sijapata maelezo ya kuniridhisha kwa nini mkono unastahili sindano ile na shingo ya kizazi haistahili. Jibu la zamani, ambalo bado linazunguka, ni kwamba shingo ya kizazi haina mishipa ya fahamu ya kusumbua. Si kweli. Mishipa ipo, na ikichokozwa moyo wa baadhi ya wanawake hupunguza mwendo ghafla: jasho la baridi, kizunguzungu, kichefuchefu, wengine wanazimia pale pale kitandani. Manesi wanalijua hilo, ndiyo maana wazoefu hawakuruhusu kuinuka haraka.

Mimi nilipowekewa, nilisikia kitu kama chango la siku ya kwanza pale ufito ulipoingia, kikabana, kikaachia. Nikavaa khanga yangu nikaondoka kwa miguu. Wifi yangu alikwenda kituo hicho hicho, kwa nesi yule yule mwenye mikono myepesi na lugha nzuri, akatapika, akashindwa hata kukaa kwenye bodaboda. Mimi nimezaa kwa njia ya kawaida, yeye watoto wake wote ni wa upasuaji. Hilo peke yake linaweza kuleta tofauti kubwa, kwa sababu shingo ya kizazi ambayo haijawahi kupitisha mtoto hufunguka kwa tabu zaidi. Lakini si hilo tu. Kuna kizazi kilichoinamia nyuma, kuna hofu inayokaza misuli, kuna aliyewahi kubakwa ambaye kulazwa chali na kupanuliwa miguu tu ni adhabu. Kuna wanawake wa Manyara, Dodoma, Mara au Singida waliokeketwa wakiwa watoto, wenye kovu linaloifanya spekula yenyewe iwe mateso kabla kazi haijaanza.

Kwa hiyo mtaani tunabishana bure. Mmoja anasema hakiumi, mwenzake anaapa harudi tena hata kwa bunduki, na kila mmoja anamwona mwingine mwongo. Wote wanasema kweli. Ninachokipinga ni ile tabia yetu sisi tuliobahatika, ya kugeuza bahati yetu kuwa ushauri. "Hakiumi shoga, nenda tu." Aliyeambiwa hivyo akifika kule akaumia, anaona kasoro iko kwake: mwoga, amedekezwa, si mwanamke wa kutosha. Na nesi aliyemwambia "hutasikia kitu" ameshamfanya mama huyo apoteze imani na huduma nyingine zote zitakazofuata.

Marekani nako ilichukua miaka ya wanawake kulalamika, wengine wakijirekodi wakiwa kitandani, mpaka Agosti 2024 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikatoa mwongozo unaowataka watoa huduma wazungumze na kila mwanamke kuhusu maumivu kabla ya kumwekea kitanzi, na wapange naye namna ya kuyatuliza. Mwongozo ukataja kuwa dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, iwe ya sindano pembeni mwa shingo ya kizazi au ya kupaka, inaweza kusaidia. Ni lignokaini hii hii inayotumika kwenye mkono wa mwenye kijiti, na kwa daktari wa meno pia. Kwa kawaida jino haling'olewi bila ganzi.

Nawasikia manesi wakinijibu, na nusu ya majibu yao nayakubali. Sindano ya pale si kama ya mkononi, inataka mafunzo, na yenyewe inauma. Foleni ni ndefu. Kitanzi kinawekwa kwa dakika chache, na wanawake wengi kweli wanavumilia. Sawa. Lakini kumwambia mtu "sasa nakushika, utabanwa" hakuhitaji bajeti, wala kusimama anaposema subiri, wala kuvuta pazia, wala kuiosha spekula kwa maji ya uvuguvugu badala ya kuiingiza ikiwa baridi. Kwangu mimi kusimama ndiko muhimu kuliko yote. Mwanamke anayejua kwamba neno lake litasimamisha mkono wa mtu huwa na misuli tofauti kabisa na anayejua kwamba hata akilia kazi itaendelea.

Mahali ambapo sina subira na utetezi wowote ni kwenye kusafishwa. Mimba imeharibika, damu inatoka, mwanamke amefiwa na hajui hata kama anaruhusiwa kuita hivyo, na kizazi chake kinasafishwa kwa pampu ya mkono huku mtu akimuuliza kama alikunywa dawa ya kuitoa. Nimewasikia wanawake wakisimulia kwamba wakati ule walihisi wanaadhibiwa, hasa wale wasio na pete kidoleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka dawa za maumivu ziwe sehemu ya kawaida ya kazi hii, pamoja na ganzi ya sindano pembeni mwa shingo ya kizazi. Swali la mimba ilitokaje halina nafasi yoyote katika kuamua nani apewe ganzi.

Wapo watakaosema nakuza mambo, maumivu ya dakika tano yanasahaulika. Hayasahauliki. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kati ya saratani zote, na kipimo chake cha kawaida, kile cha kupaka siki na kuangalia kama pana weupe, kinaanza na spekula ile ile. Siki yenyewe inawasha kidogo tu. Ila mama aliyeumizwa siku ya kitanzi hangoji kuelezwa tofauti. Anasema nitakwenda mwezi ujao, na miezi inapita. Ndiyo maana nafurahia kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe kwa kijipamba, bila chuma na bila kupanuliwa. Shirika la Afya Duniani limekubali njia hiyo tangu 2019. Ikikutwa shida bado utapanda kitanda, lakini angalau umefika.

Mdogo wangu anataka kitanzi, hajawahi kuzaa, na ameniuliza. Nimemwambia ajiandae kwamba kinaweza kumuuma sana, na kinaweza pia kisimuume. Ale kwanza, asiende na tumbo tupu. Aende na mtu wa kurudi naye. Dawa ya maumivu ya ibuprofen haipunguzi sana uchungu wa wakati wa kuwekwa, ila inasaidia chango la baadaye, kwa hiyo awe nayo kwenye mkoba pamoja na pedi. Kabla hajapanda kitandani aulize: mna ganzi ya hapa? Nikisema simama, utasimama? Na ikitokea homa, au uchafu wenye harufu, au tumbo linazidi kuuma badala ya kupungua, arudi siku hiyo hiyo. Akijibiwa vibaya kwenye lile swali la pili, asipande kitandani, achukue mkoba wake aondoke. Kuna kituo kingine mtaa wa pili.