Kocha wa Poka kwa Mchezaji Mpya: Analipwa kwa Kazi Gani Hasa?

Mtu aliyecheza poka kwa miezi michache, akapoteza fedha kidogo na kuupenda mchezo kuliko alivyotarajia, hakawii kujiuliza kama amlipe kocha au aendelee kujifunza mwenyewe. Wanaounga mkono malipo husema kwamba anayejifunza kinanda au sataranji humlipa mwalimu na hakuna anayeshangaa, kwa hiyo hawaoni sababu ya poka kutendewa tofauti. Wanaopinga husema kwamba maarifa yote ya msingi yanapatikana bure, na kwamba fedha inayokwenda kwa kocha ingemfaa zaidi mwanafunzi kama ingebaki kuwa mtaji wake mezani. Kila upande una hoja ya kweli, lakini wote wanabishania maarifa, ilhali mchezaji mpya mara nyingi hukwamishwa na mambo mengine.

Kwanza kuna hesabu, ambayo wengi huiruka. Wachezaji wa poka hupima mafanikio kwa blaindi kubwa, yaani lile dau kubwa la lazima linalowekwa kabla ya mtu yeyote kuamua lolote, na huhesabu ni blaindi ngapi mtu amepata au amepoteza kwa kila mikono 100 aliyocheza (mkono ni mzunguko mmoja wa mchezo, tangu karata kugawiwa hadi mshindi kupatikana). Tuchukue mfano wa mtu anayecheza meza ya chini mtandaoni, ambako blaindi kubwa ni senti 10 za dola, na kocha anayetoza dola 50 kwa saa moja. Malipo hayo ni sawa na blaindi 500. Hata tukikubali kwamba somo hilo moja limemwongezea mwanafunzi blaindi 5 kwa kila mikono 100, jambo ambalo lingekuwa mafanikio makubwa, atahitaji mikono 10,000 ili kurudisha alichotoa, na masomo kumi ya bei hiyo yatahitaji maboresho makubwa zaidi au mikono mingi zaidi kuliko anayoweza kucheza kwa urahisi. Anayecheza ana kwa ana, ambako meza hugawa mikono 30 hivi kwa saa, atakaa zaidi ya saa 330 kufidia somo moja tu la namna hiyo katika meza yenye dau sawa na hilo. Mchezaji wa meza ambayo blaindi kubwa ni dola 10 hufidia somo hilohilo kwa mikono 100. Bei ya kocha haibadiliki, ila uzito wake hutegemea ukubwa wa meza, na mchezaji mpya hukaa kwenye meza ambako uzito huo ni mkubwa kabisa.

Isitoshe, mengi anayoyahitaji mwanzoni ni machache na yamekwisha kuelezwa vizuri. Katika Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili zake na nyingine tano hufunguliwa mezani kwa ajili ya wote, kuna michanganyiko 1,326 ya karata mbili za kuanzia, ambayo ukiitazama kwa thamani, na kwa kuangalia kama zote mbili ni za alama moja (kama kopa) au la, hubaki aina 169, na mtu mwenye bidii anaweza kujifunza kwa wiki chache aina zipi zichezwe kutoka kiti kipi. Hesabu ya kufuata dau, yaani kulipa kiasi alichoweka mpinzani ili ubaki mchezoni, nayo si ngumu. Kitita, yaani fedha zilizokwisha kuwekwa mezani, kikiwa 100 na mpinzani akaweka 50, unalipa 50 kwa matumaini ya kuchukua 150, kwa hiyo unahitaji kushinda walau mara 1 katika kila 4. Ukiwa na karata nne za kopa na unangoja ya tano, huku imebaki karata moja tu kufunguliwa, utaipata chini kidogo ya mara 1 katika kila 5. Kufuata hapo ni hasara, isipokuwa unatarajia kumtoa mpinzani fedha zaidi pindi kopa ikitokea. Kumlipa mtu kwa saa ili akueleze hayo ni matumizi mabaya ya saa hiyo.

Hata hivyo, wanaotetea kocha wana hoja moja ambayo wapinzani wao hawajaijibu vya kutosha, na ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba kocha hana kazi kwa mwanafunzi mpya. Katika sataranji, ukimwacha malkia wako bila ulinzi ataliwa, na kosa litakuwa limekufundisha papo hapo. Katika poka kosa linaweza kukulipa. Mtu aliyeshika ree na saba akafuata dau kubwa la mwenye ree na mfalme atashinda takriban mara 1 katika kila 4, na siku hiyo ataondoka akiamini kwamba alisoma meza vizuri. Akirudia kosa hilo kwa mwaka mzima, kumbukumbu yake itahifadhi zile mara alizoshinda na kuzisahau zile nyingine, au kuziita bahati mbaya.

Ukungu huo ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Mchezaji mzuri anayepata wastani wa blaindi 5 kwa kila mikono 100 hupanda na kushuka kiasi cha kati ya blaindi 80 na 100 katika kila mikono 100. Ukifanya hesabu kwa wastani wa 90, baada ya mikono 10,000 mchezaji huyo, ambaye kwa kweli ni mshindi, bado ana uwezekano wa zaidi ya mara 1 katika kila 4 wa kuwa na hasara. Vivyo hivyo, mchezaji dhaifu anaweza kumaliza mikono hiyo akiwa na faida na kusadiki kwamba amehitimu. Matokeo, kwa maana hiyo, ni mwalimu asiyeaminika, na hapa jicho la mtu mwingine lina thamani ambayo kusoma peke yake hakuwezi kuileta. Kocha mzuri haangalii nani alichukua kitita. Huuliza ulidhani mpinzani ana nini, kwa nini uliongeza dau, na ungefanya nini kama angeongeza tena, na mara nyingi ukimya unaofuata ndio humwonyesha mwanafunzi kwamba hakuwa na sababu yoyote.

Tatizo ni kwamba ukungu uleule humficha kocha. Mwanafunzi mpya hana kipimo cha kumtambua anayejua, kwa hiyo hutazama vikombe na picha za ushindi. Mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, aliingia katika shindano kuu la World Series of Poker kupitia mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, akaibuka mshindi kati ya washiriki 839 na kupata dola milioni 2.5. Wapinzani wa kocha hupenda kumtaja kama ushahidi kwamba mtu hahitaji kufundishwa, na baadhi ya makocha huonyesha ushindi wao wa shindano moja kama cheti cha ualimu. Shindano moja halithibitishi lolote kati ya hayo mawili. Anayetaka kumpima kocha aombe rekodi ya mikono mingi, walau 100,000, katika meza zinazofanana na zile ambazo mwanafunzi mwenyewe anazichezea, kisha aombe kuzungumza na watu waliowahi kufundishwa naye.

Lile swali la kejeli, kwamba kama anashinda kwa nini anafundisha, sioni kama lina nguvu linayopewa. Mapato ya mezani hayana uhakika, na mtu mwenye familia ana sababu nzuri ya kutaka sehemu ya kipato chake isitegemee karata.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi ni kuhusu kile kinachofundishwa. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji bingwa katika meza ya watu sita, na leo programu za kukokotoa mchezo usio na mwanya wa mpinzani kuutumia zinapatikana kwa mtu yeyote mwenye kompyuta ya kutosha. Makocha wengi hufundisha kutoka kwenye majibu ya programu hizo, ambazo huanza kwa kudhani kwamba mpinzani naye hakosei. Katika meza za chini mpinzani hukosea sana, hasa kwa kufuata madau ambayo angepaswa kuyakimbia. Mwanafunzi aliyefundishwa kupiga mkwara, yaani kuweka dau kwa karata dhaifu ili mpinzani atupe zake, kwa ustadi wa kibingwa atampigia mtu asiyetupa karata kamwe, na atapoteza fedha kwa kutii somo alilolilipia.

Kuna pia mikataba ambayo mwanafunzi halipi kitu mwanzoni, ila hukubali kumgawia kocha sehemu ya faida kwa mikono au miezi kadhaa. Inavutia kwa sababu kocha naye anabeba hatari, lakini asome kwa makini kinachotokea akitaka kuacha kabla ya muda, kwani wengine hudaiwa fidia inayozidi ada ya kawaida.

Kwa hiyo ningemshauri mchezaji mpya asilipe mwezi wa kwanza. Ajifunze misingi mwenyewe, acheze mikono 20,000 hivi kwa dau asiloliogopa, na ahifadhi rekodi zake. Anayecheza ana kwa ana aandike kila usiku mikono mitatu iliyomtatiza, pamoja na alichowaza wakati ule. Kisha anunue saa moja au mbili, ampelekee kocha rekodi hizo siku kadhaa kabla, na saa nzima itumike juu yake. Mtu anayecheza kwa burudani tu, bila nia ya kupata faida, anaweza kulipia somo kama anavyolipia starehe nyingine yoyote, na hesabu ya blaindi haimhusu. Aliyekwisha kupoteza fedha anazozihitaji na sasa anamtafuta kocha ili azirudishe yuko katika hali nyingine kabisa. Kocha mwaminifu akisikia hivyo atakataa ada yake na kumwambia aache kucheza kwanza.