Mgongo umekwisha, Kiingereza hakuna: bima ya ulemavu ya Marekani

Chukua mfano wa Mkongomani wa miaka 46 aliyekata nyama kiwandani jimbo la Iowa, Marekani, miaka kumi. Mgongo umeharibika, hawezi tena kusimama wala kuinua mzigo. Anasoma na kuandika Kiswahili vizuri. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Bima ya ulemavu, SSDI, si sadaka kwake: kila mshahara ulikatwa asilimia 6.2 ya Hifadhi ya Jamii, mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye mfuko wa ulemavu.

Hadi Aprili 2020, kutojua Kiingereza kulihesabiwa katika kuamua nani apate bima hiyo. Mtu wa miaka 45 hadi 49 anayeweza kazi za kukaa tu, asiye na ujuzi maalumu wala Kiingereza, alihesabiwa mlemavu. Kanuni hiyo ikafutwa.

Waliotetea mabadiliko hawakukosa hoja. Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, watu huishi na kufanya kazi kwa Kihispania, lakini mwombaji wa huko alipewa nafuu kwa kutojua Kiingereza. Hilo halikuwa na mantiki, nami silitetei. Tena, lugha si ugonjwa.

Ila tuulize: hizo kazi za kukaa ambazo mkata nyama wetu anadaiwa kuziweza ziko wapi? Nyingi ni za simu na kompyuta, kwa Kiingereza. Kwenye mashauri ya rufaa, wataalamu wa ajira hutaja kazi kutoka orodha ya serikali iliyorekebishwa mara ya mwisho 1991. Ilikuwamo hata kazi ya kuchambua njugu! Mwaka 2024 Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii yenyewe, inayoamua maombi haya, ilipunguza matumizi ya kazi zaidi ya mia moja za namna hiyo. Kwa maoni yangu, Puerto Rico ilihitaji kanuni yake. Mkata nyama wa Iowa ameadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Kilichobaki ni kuijaza fomu kwa akili. Asiyejua kusoma na kuandika kwa lugha yoyote bado hupewa nafuu, kwa hiyo aibu isimfanye mtu aandike "sekondari" ambayo hakuimaliza. Kazi ielezwe kwa kilo alizoinua na saa alizosimama. "Kiwandani" pekee haimwambii mtu kitu. Mkalimani wa ofisi ni bure, mtoto wa shule asibebeshwe kazi hiyo. Akikataliwa, na wengi hukataliwa mara ya kwanza, akate rufaa ndani ya siku 60 badala ya kuanza ombi jipya.

Akifika 50 kanuni hulegea, na huenda mtu akamshauri asubiri. Lakini kwa kawaida, kinga ya bima hii huisha kama miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi. Akiacha leo, akifika 50 atakuwa amebakiwa na mwaka mmoja hivi.