Kabla ya hotuba kulikuwa na maswali: Catherine Murphy na mauzo ya Siteserv

Kila unapozuka mjadala kuhusu mipaka ya kinga ya wabunge nchini Ayalandi, jina la Catherine Murphy halikosi kutajwa, na mara nyingi linatajwa kwa lawama. Wanaomlaumu huanzia Mei 28, 2015. Siku hiyo Murphy, mbunge wa kujitegemea wa Kildare North, alisimama katika Dáil, baraza la wawakilishi la nchi hiyo, akaeleza mambo ya mikopo ya tajiri Denis O'Brien. Wiki moja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imelizuia shirika la utangazaji la RTÉ lisitangaze habari za aina hiyohiyo. Ukianza kusimulia kutoka hapo, unampata mbunge aliyejibanza nyuma ya kinga ili aipite amri ya jaji.

Naona wenzetu hao wameishika habari mkiani. Hotuba ile ilitanguliwa na kazi ndefu isiyo na mvuto wowote kwa kamera: maswali ya maandishi kwa waziri wa fedha, yanayojibiwa kwa aya mbili tatu, kisha yanaandikwa upya kwa maneno mengine na kupelekwa tena. Bila kazi hiyo hotuba isingekuwa na msingi, na bila majibu yale membamba huenda isingehitajika kabisa.

Mzizi wa yote ni benki. Anglo Irish Bank ilitaifishwa Januari 2009, ikaunganishwa na Irish Nationwide mwaka 2011, zikaitwa IBRC. Kuziokoa taasisi hizo mbili kuligharimu hazina ya umma euro bilioni 34.7. Kwa hiyo kila deni lililokuwa kwenye vitabu vya IBRC lilikuwa fedha ambazo wananchi ndio wanaozidai. Mmoja wa wadaiwa alikuwa Siteserv, kampuni ya huduma za ujenzi iliyodaiwa takriban euro milioni 150. Machi 2012 benki ilikubali kampuni hiyo iuzwe kwa euro milioni 45 hivi kwa Millington, kampuni ya O'Brien, nayo ikafuta deni la zaidi ya euro milioni 100.

Hapo ndipo penye tarakimu isiyonitoka kichwani: euro milioni 5. Ndizo walizopewa wanahisa wa Siteserv.

Kampuni ikishindwa kulipa madeni yake, foleni ya malipo inajulikana. Mkopeshaji mwenye dhamana yuko mbele, wadai wengine wanafuata, na mwenye hisa yuko mwisho kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyekubali kubeba hatari tangu mwanzo. Mkopeshaji akipoteza theluthi mbili ya fedha zake, wa mwisho hana cha kudai. Hapa yule wa mbele, ambaye ni walipakodi, aliondoka na hasara ya zaidi ya milioni 100, na wa mwisho akaondoka na milioni 5 mkononi. Waliotetea mauzo hayo walikuwa na maelezo yao, na si ya kipuuzi: Siteserv ilikuwa kwenye soko la hisa, wanahisa walipaswa kuyapigia kura mauzo, na kama wangeyakataa kampuni ingeingia kwenye ufilisi, wateja wangekimbia, na benki ingepata kidogo zaidi. Mwenyekiti wa IBRC, Alan Dukes, alisisitiza kwamba uamuzi ulikuwa wa manufaa kwa benki. Sawa. Lakini hilo ni jibu linalostahili kutolewa hadharani na kupimwa kwa nyaraka, hasa pale mwenye hasara ni umma. Murphy aliuliza hasa hilo: mauzo yaliendeshwaje, nani alishauri, wizara ilijua nini.

Waziri wa fedha Michael Noonan na wizara yake walikuwa na ngao moja: IBRC ni ya serikali, lakini maamuzi yake ya biashara ni ya bodi, waziri haingilii. Kikanuni ni kweli, na kuna busara ndani yake. Nani angetaka waziri anayeamua nani auziwe nini na benki? Ila kutoingilia hakumaanishi kutojua. Aprili 2015, nyaraka zilizopatikana kwa sheria ya uhuru wa habari zilionyesha kwamba mwaka 2012 maofisa wa wizara walikuwa na wasiwasi kuhusu mauzo ya Siteserv, na kwamba jambo hilo lilifikishwa mbele ya Dukes katika kikao na waziri. Noonan alishikilia kwamba hakulipotosha bunge. Pengine ukisoma neno kwa neno utaona kila sentensi aliyojibu ilisimama. Tatizo ni kwamba jibu linaweza kuwa sahihi sentensi kwa sentensi na bado likamwacha muulizaji gizani, na Murphy aliachwa gizani kuhusu jambo ambalo wizara ilikuwa nalo kwenye faili.

Ayalandi walikwisha kuonywa. Katika uchunguzi wa biashara ya nyama ya ng'ombe ulioisha mwaka 1994, uliochukua miaka mitatu na mamilioni ya fedha, jaji Liam Hamilton alieleza kwamba kama maswali yaliyoulizwa bungeni yangejibiwa jinsi yalivyojibiwa mbele yake, uchunguzi usingehitajika. Miongo miwili baadaye, mbunge asiye na chama wala jopo la wasaidizi alikuwa akigonga mlango uleule.

Sasa upande wa pili, ambao nauheshimu kuliko baadhi ya wafuasi wa Murphy wanavyouheshimu. O'Brien alisema kwamba madai kuhusu mikopo yake yalikuwa ya uongo na kwamba taarifa zake zilikuwa zimeibwa. Mtu, hata bilionea, ana haki ya siri kati yake na benki yake. Alikwenda mahakamani akapata zuio, kisha mtu mmoja akasimama mahali asipoweza kushtakiwa akasema yaleyale. Aliyetajwa bungeni hana kiti cha kusimama kujibu. Na si hofu ya kubuni: Angela Kerins, aliyekuwa mkuu wa shirika la Rehab, aliitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali Februari 2014 akahojiwa nje ya yale aliyoalikwa kuyaeleza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kamati hiyo ilikiuka sheria. Wabunge wanaweza kuumiza watu, na waliumiza.

Lakini mahakama hiyohiyo, Machi 5, 2019, ilitupa rufaa ya O'Brien. Alikuwa ameshtaki kwa sababu ya matamshi ya Murphy na ya Pearse Doherty wa chama cha Sinn Féin, baada ya kamati ya Dáil kukataa malalamiko yake. Ibara ya 15.13 ya katiba inasema mbunge hatajibu kwa mahakama yoyote juu ya maneno aliyoyasema barazani, ila kwa baraza lenyewe. Msomaji wa Tanzania atalitambua wazo hilo, kwani limo katika ibara ya 100 ya katiba yetu, na chimbuko ni lile moja la Uingereza. Tofauti kati ya kesi hizi mbili ni muhimu: kwa Kerins kilichopimwa ni mwenendo wa kamati nzima iliyovuka mamlaka yake, kwa O'Brien ni maneno ya mbunge mmoja mmoja barazani. Kuzichanganya, kama wanavyofanya wanaomlaumu Murphy, ni kumbebesha kosa la wengine.

Tena tazama kilichotokea baada ya hotuba. Kwa siku kadhaa vyombo vikubwa vya nchi, RTÉ na Irish Times miongoni mwao, vilisita kuripoti kilichosemwa ndani ya bunge la nchi yao, mpaka Juni 2 jaji Donald Binchy alipofafanua kwamba zuio lake halikukusudiwa kugusa habari za bunge. Hilo lilinitisha kuliko lolote alilosema Murphy. Kinga ya mbunge inakuwa nusu kinga kama wapigakura hawaruhusiwi kusikia.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi mwezi huohuo. Jaji Brian Cregan, aliyeiongoza, aliona kwamba usiri wa nyaraka unamfunga mikono, ikabidi itungwe sheria mahususi mwaka 2016. Ripoti ilitoka Septemba 2022. Wakosoaji wanauliza: miaka saba na mamilioni ya euro, kwa faida gani? Ni swali halali, na gharama hiyo inauma. Lakini isomwe pamoja na walichopata. Tume ilisema benki iliamua kwa nia njema, ila kwa kutegemea taarifa pungufu na za kupotosha kutoka Siteserv, na kwamba kwa upande wa benki mauzo yalichafuliwa na ukiukwaji kiasi kwamba hayakuwa sahihi kibiashara. Milioni 5 za wanahisa zilikuwa sehemu ya kisa hicho. Kwa hiyo wasiwasi wa mbunge wa Kildare North haukuwa uzushi, na wala haukuwa wasiwasi wake peke yake. Ulikuwa umo wizarani tangu 2012.

Murphy hakugombea tena mwaka 2024. Leo mbunge wa Dáil asiyeridhika na jibu la waziri anaweza kulalamika kwa Ceann Comhairle, spika wao, na hiyo ni hatua. Ila spika anapima kama jibu linalingana na swali. Faili la wizara halifungui.