Barua za Kampuni ya Mashariki ya India zisomwe kama ushahidi

Wapo wanaoamini kwamba barua za Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara iliyotawala sehemu za India, hazina la kutufunza, kwa kuwa aliyeziandika ndiye aliyekuwa mnyonyaji na bila shaka alijipamba. Napingana nao. Kwa karne ya 18 sijaona ushahidi unaoibana Kampuni ile kuliko barua zake za kikazi, na sababu imo katika namna zilivyoandikwa.

Wakurugenzi 24 walikaa London, katika jengo lao la mtaa wa Leadenhall, ilhali biashara na majeshi yao yalikuwa Bengal, Madras na Bombay. Meli iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema ilitumia takribani miezi sita, hivyo aliyeuliza swali alingoja mwaka mzima au zaidi kupata jibu. Ndiyo maana aya za barua zilipewa namba, ili anayejibu ajibu aya kwa aya. Nakala zilipakiwa katika meli tofauti, moja ikizama nyingine ifike. Na kumbukumbu za vikao vya baraza zilinakiliwa na makarani zikapelekwa London pia. Watumishi wa Kampuni walificha mengi, hasa faida za mifukoni mwao. Makusanyo ya kodi, hata hivyo, hayakufichika kirahisi, kwa kuwa ndiyo mabwana wao waliyoyaulizia kwanza.

Tuitazame barua moja, ya tarehe 3 Novemba 1772, iliyotoka kwa gavana Warren Hastings na baraza lake huko Bengal. Tangu 1765 Kampuni ilikuwa na haki ya diwani, yaani ya kukusanya kodi ya ardhi ya jimbo lile, na mwaka 1770 njaa kubwa iliwaua watu kwa mamilioni. Barua inaeleza kwamba angalau theluthi moja ya wakazi walipotea na kilimo kikapungua, na bado makusanyo halisi ya 1771 yaliyapita yale ya 1768, kabla ya njaa. Hesabu za Kampuni zinaonyesha kupanda kutoka rupia milioni 15.2 hadi milioni 15.7.

Barua haiishii hapo. Inakiri kwamba makusanyo yalishikiliwa kwa nguvu yasishuke, kisha inataja mojawapo ya njia zilizotumika: tozo iliyoitwa najai, ambayo waliobaki hai walitozwa ili kufidia kodi ya majirani waliokufa au kuhama. Mkulima aliyenusurika alidaiwa kodi ya marehemu wa shamba la pili, na jambo hilo likaelezwa kwa wenye mali kwa lugha tulivu ya karani anayefafanua hesabu. Nikiri kwamba utulivu huo unaniumiza kuliko tarakimu zenyewe.

Msomaji makini atauliza kwa nini Hastings aliyaandika haya. Alikuwa ameshika ugavana mwaka huohuo wa 1772, akitokea Madras, na makusanyo aliyoyaeleza yalifanyika chini ya waliomtangulia. Hakuwa na hasara kubwa katika kuyafichua. Hilo haliifanyi barua kuwa ya uongo. Linatuonyesha tu kwamba kila barua ya Kampuni isomwe pamoja na cheo cha mwandishi, tarehe aliyoanza kazi, na majedwali yaliyoambatana nayo.

Jambo hili linatuhusu pia sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu mwaka 1888 Uingereza iliipa kampuni nyingine hati ya kifalme ya kuendesha sehemu ya pwani yetu na bara yake, ikiwa na sarafu yake ya rupia iliyoandikwa Mombasa. Kwa hiyo ningependa wanafunzi wetu wa historia wapewe barua ile ya 1772 yote, si muhtasari wake, pamoja na jedwali la makusanyo ya tangu 1768, kisha watakiwe kuandika majibu ambayo wakurugenzi walipaswa kuyatoa, aya kwa aya.