Mnahama Facebook, Mkulima Mnamwachia Nani?

Juzi katibu wa kikundi chetu cha kupinga lumbesa, yale magunia ya viazi yanayojazwa kupita kipimo, katupa tangazo kwenye grupu: mwisho wa mwezi wanafunga ukurasa wa Facebook na grupu lenyewe la WhatsApp, wanahamia Signal, programu ya ujumbe inayosifiwa kwa kutunza siri, na Mastodon, mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni moja. Eti makampuni ya Marekani yanavuna taarifa zetu. Semina hizi za wafadhili jamani! Mama mmoja wa Isongole akauliza, "Hiyo Signal inakula MB ngapi?" Kimya.

Huku Rungwe wengi tunanunua bando la mitandao ya kijamii. WhatsApp na Facebook zinafunguka, ukitoka nje ya hapo salio linakatwa. Simu yenyewe imejaa video za kwaya; ukitaka kushusha programu mpya, kwanza ufute picha za wajukuu. Nani atafanya hivyo kwa ajili ya Mastodon?

Na grupu lile linafanya kazi. Mtu anapiga picha gunia shambani, kilemba kimeshonewa juu kwa kamba, kijana kasimama pembeni na gunia linamfika kidevuni. Kipimo halali hakizidi kilo 100, na lile hata mzani halihitaji. Anairusha na namba ya lori. Kabla lori halijafika Uyole, picha imeshafika, na jioni dalali anapiga simu kwa upole ambao shambani hakuwa nao: "Mzee wangu, ifute basi, tutaelewana." Anaogopa kwa sababu naye yumo WhatsApp, mkewe yumo, wanunuzi wake wa Dar wamo. Huko Mastodon mtamwaibisha mbele ya nani? Mbele ya mfadhili?

Haya, nakubali kwa shingo upande. Zuckerberg, bosi wa Facebook na WhatsApp, hana uchungu na viazi vyetu. Januari 2025 alitangaza kuachana na wahakiki wa habari huko Marekani. Musk aliinunua Twitter mwaka 2022 kwa dola bilioni 44, akaiita X, akafanya alivyotaka. X yenyewe hapa nchini ilifungwa Mei 2025. Lakini intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hiyo Mastodon ingewaka kwa mkaa? Gazeti la Guardian la Uingereza lilijitoa X Novemba 2024, sawa, lina tovuti yake na wasomaji wake. Nyinyi mna nini? Hata daftari la namba za simu za wanachama hamna, na hilo ndilo ningeanza nalo, pamoja na kipindi cha redio na dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji.

Wale wanaowapa siri kuhusu madalali wakubwa, hao wapelekeni Signal, hapo sina ugomvi. Wengine tuacheni tulipo.

Nimeomba kama wanaondoka waniachie uadmini. Nimejibiwa suala langu litajadiliwa kwenye kikao cha Jumamosi. Mwaliko wa kikao wameutuma WhatsApp.